RO ya chini ya sinki, jagi la resini na vikaratasi vya kupimia: kipi kinaondoa kromiamu-6 kwenye maji ya bomba?

Tuanze na hukumu, maelezo yatafuata. Kama majibu ya maabara yameonyesha kromiamu-6 (aina ya metali ya kromiamu inayodhuru afya) kwenye maji yako, kifaa cha kununua ni mtambo wa RO (unaosukuma maji kwa presha kupita kwenye utando unaozuia chumvi) wa chini ya sinki, ule wa hatua tano wenye tangi lake. Jagi la resini (punje zinazonasa chumvi zilizoyeyuka majini) linamtosha mpangaji mmoja au wawili, alimradi maji yao hayana chumvi nyingi. Vikaratasi vya rangi vinavyouzwa mtandaoni ni pesa ya kutupa. Mita ya TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka, kwa miligramu kwa lita) nunua, ila si kwa kazi anayokutajia muuzaji.

Vifaa hivi tunavipima kwa kipimo cha California, kwa sababu huko sheria imekazwa sana. Jimbo hilo ndilo lenye kijiji cha Hinkley. Katika miaka ya 1950 na 1960 kituo cha kusukuma gesi cha kampuni ya PG&E kilitia kromati (chumvi ya kromiamu-6) kwenye maji ya kupozea mitambo ili kuzuia kutu, kisha maji hayo yakamwagwa kwenye madimbwi yasiyosakafiwa na kuzama hadi kwenye maji ya visima. Kesi iliishia kwa malipo ya dola milioni 333 mwaka 1996. Lakini si kila kromiamu ni ya kiwanda. Kwenye Bonde la Coachella, jimbo hilohilo, inatoka kwenye miamba yenyewe.

Kwa Marekani nzima kikomo ni mikrogramu 100 kwa lita, na hapo zinahesabiwa kromiamu za aina zote kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linasema 50, na kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 12, kinasema hivyohivyo. Umoja wa Ulaya unashuka hadi 25 kufikia 2036. California iliweka 10 kwa kromiamu-6 peke yake mwaka 2014, mahakama ikaifuta 2017, ikarudishwa na kuanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024. Mamlaka za maji zimepewa muda wa kutimiza: zenye koneksheni 10,000 na zaidi hadi Oktoba 2026, za kati hadi 2027, na zisizofika 1,000 hadi 2028. Kwa hiyo anayeishi kwenye mji mdogo anaweza kunywa maji ya juu ya kikomo kwa muda, na sheria haijavunjwa. Huyo ndiye mteja halisi wa vifaa hivi.

Mwenye duka akikuambia kwamba kromiamu inadhuru kwa kuvutwa puani tu, kiwandani, huyo amebaki nyuma. Utafiti wa serikali ya Marekani wa 2008, ule wa kuwanywesha panya kromiamu-6 kwa miaka miwili, ulikuta saratani za kinywa na za utumbo mwembamba. Agosti 2024 EPA, shirika la mazingira la Marekani, ikahitimisha kwamba ikinywewa, kuna uwezekano mkubwa isababishe saratani kwa binadamu.

Soma cheti, usisome sanduku

Maandishi "NSF" (shirika la Marekani la viwango na vyeti vya vifaa vya maji) peke yake hayana maana. NSF/ANSI 42 ni mambo ya ladha, harufu na mwonekano, si ya afya. Unachotafuta ni 53 kwa majagi na vichujio vya mkaa au resini, au 58 kwa mitambo ya RO, na chini ya namba hiyo yawepo maneno ya kupunguza kromiamu ya heksavalenti, yaani kromiamu-6. Mtambo wa RO unaweza kuwa na NSF 58 halali kabisa kwa TDS tu, bila kupimwa kromiamu hata siku moja.

Hata ukiyakuta maneno hayo, fungua karatasi ya matokeo. Kwenye karatasi nyingi za namna hii maji ya jaribio yalikuwa na mikrogramu 300, na kikomo cha kufaulu kiliwekwa 100. Maana yake, kifaa kinachopunguza theluthi mbili tu kimepita. Maji yako yakiwa na 45, theluthi mbili inakuachia 15, bado juu ya kikomo cha California. Angalia safu ya asilimia iliyopatikana, si ile ya asilimia iliyotakiwa. Chini ya 95 usichukue.

Visivyofanya kazi, na sababu

Kromiamu-3, aina nyingine ya metali hiyo, kwenye maji ya kawaida yenye pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi inazidi) ya 6.5 hadi 8.5, haiyeyuki vizuri. Hushikamana na tope na kunaswa na kichujio chochote cha maana. Kromiamu-6 ni shughuli nyingine. Inayeyuka na kusafiri kama kromati, ioni (chembe yenye chaji ya umeme) ya chaji hasi, ndogo mno kwa kichujio cha udongo, kitambaa au pamba.

Kuchemsha kunaiongezea nguvu: lita 10 zenye mikrogramu 20 kwa lita zikichemka zikabaki 8, sasa zina 25. Taa ya UV inaua vijidudu na kuiacha kromiamu ilivyo. Mashine ya kulainisha maji, ile ya kutia chumvi ya magunia, inashika kalisi na magnesi kwa kuwa zina chaji chanya. Kromati inapita mlangoni ikitazama. Klorini ndiyo yenye mkosi zaidi, kwa sababu inaweza kuigeuza kromiamu-3 kuwa kromiamu-6. Si sababu ya kuacha kutibu maji kwa klorini, kwani kipindupindu kinaua ndani ya siku chache, lakini ni sababu ya kupima maji ya bombani na si ya kisimani pekee.

Majagi ya kawaida ya mkaa? Mkaa ulioamilishwa hunasa kromati vizuri kwenye maji yenye asidi. Kwenye pH ya 8 uwezo huo unaporomoka. Bila cheti cha 53 kinachoitaja kromiamu, chukulia kwamba jagi hilo halifanyi lolote. Vivyo hivyo kwa "majagi ya alkali", ambayo yanaongeza pH.

Jagi la resini

Tulilolitazama ni la aina ya ZeroWater, lenye resini ya kubadilishana ioni na cheti cha 53 kwa kromiamu-6 na risasi. Linakuja na mita ya TDS, na mtengenezaji anasema badilisha kichujio mita ikisoma 006. Kwa mara moja, ushauri wa sandukuni una mantiki ya kikemia. Resini inaishika kromati kwa nguvu kuliko inavyozishika nitrati na kloridi, kwa hiyo inapoanza kujaa, ioni dhaifu ndizo zinazotoroka kwanza na kupandisha mita. Ukibadilisha kwa 006 kromati bado imeshikwa. Ukipuuza, maji huanza kuwa na uchachu kwa sababu pH inashuka, mara nyingine na harufu ya samaki kutoka kwenye resini yenyewe. Ukifika hapo umechelewa sana.

Udhaifu wake ni chumvi. Resini haichagui kromiamu peke yake. Inajazwa na kila ioni inayopita. Kwa maji ya bomba yenye TDS ya 100, kichujio kinadumu wiki kadhaa kwa watu wawili. Kwenye maji ya kisima cha Dar es Salaam au Mombasa yenye TDS ya elfu moja, kitakufa baada ya majagi machache, na kichujio kimoja Marekani kinaenda kwenye dola 15 hadi 20. Pima TDS kabla ya kununua. Zaidi ya 300, ruka jagi, nenda RO.

Jambo moja dogo: funga kichujio mpaka pete ya mpira ikae sawa kwenye chombo cha juu. Ikipinda, maji yanateleza pembeni bila kugusa resini, na mita itakuonyesha tangu jagi la kwanza.

RO ya hatua tano

Mpangilio haubadiliki sana toka chapa hadi chapa: kichujio cha tope cha mikroni 5, mkaa wa chembe, mkaa wa kushindiliwa, utando wa RO, halafu mkaa mwembamba wa mwisho kabla ya koki. Kromiamu inatolewa na utando. Vingine vyote ni walinzi wake. Utando mzima, ukipata presha ya kutosha, huzuia zaidi ya asilimia 90 ya kromati, na mara nyingi 95 na kuendelea. Maji ya 20 yanatoka na 1 au 2.

Neno ni hilo: presha. Mitambo mingi inataka angalau psi 40, yaani bar 2.8. Mjini Marekani inapatikana bombani bila kufikiri. Nyumba inayotegemea simtanki juu ya paa haina. Kila mita 10 za kimo zinatoa bar 1 tu, kwa hiyo tanki lililo mita 6 juu ya koki linakupa bar 0.6. Zaidi ya hapo, kila TDS 100 ya maji inakula karibu psi 1 ya presha hiyo. Muuzaji wa Kariakoo au wa River Road anayekuuzia RO bila kuuliza tanki liko wapi anakuuzia pambo. Chukua yenye pampu ya kusukuma ya volti 24, swichi ya presha ndogo inayoizima tanki likikauka, na swichi ya presha kubwa inayoizima tangi la RO likijaa.

Presha ndogo haipunguzi wingi wa maji peke yake, inaharibu pia ubora. Chumvi hupenya utando kwa kasi ileile presha iwe kubwa au ndogo; maji ndiyo yanayopungua. Chumvi ileile ikigawanywa kwenye maji machache, mita inapanda, na kromiamu nayo.

Ufungaji si kazi ya siku nzima. Chukua maji kwenye bomba la baridi, kamwe si la moto, kwani utando wa kawaida hauvumilii zaidi ya nyuzi 45. Kabla ya kuunganisha tangi, pima hewa yake kwa geji ya tairi likiwa tupu: psi 7 hadi 8. Ikiwa pungufu, tangi litajaa lakini koki itatoa maji kwa uvivu. Mrija wa maji taka (yale yaliyokataliwa na utando) uingie juu ya kiwiko cha sinki, kile kipinde kinachobaki na maji, si chini yake, la sivyo harufu itapanda. Sukuma utando mpaka shina lake lenye oringi (pete za mpira) mbili liingie kabisa kwenye tundu. Paka glisirini kidogo, usipake grisi ya gari. Nyuzi za plastiki zinataka tepu nyeupe mizunguko michache na mkono, si spana ya nguvu. Matangi mawili ya kwanza yamwage yote, yana vumbi la mkaa na dawa ya kuhifadhia utando.

Halafu pima uwiano. Kinga maji taka kwa dakika moja, kinga maji safi kwa dakika moja (valvu ya tangi ikiwa imefungwa na koki wazi). Maji taka yawe kama mara tatu ya safi. Yakiwa chini ya hapo sana, chokaa itaganda kwenye utando. Yakiwa mara sita au saba, kizuizi cha mtiririko kimesahauliwa au si cha utando huo, presha inakimbilia kwenye bomba la taka na maji safi yatakuwa hafifu. Kosa hili ni la kawaida mno kwenye mitambo iliyokusanywa kwa vipuri vya maduka mbalimbali.

Maji taka hayo yanatumika. Kwa maji ya kuingia yenye 20, yanatoka na kama 26 kwa lita. Piga deki, osha gari, tia chooni. Usiyaweke kwenye chombo cha kuku wala mbuzi.

Kinachoua mitambo hii ni uvivu wa kubadilisha mkaa. Utando wa kisasa unaliwa na klorini: saa 200 hadi 1,000 za maji yenye miligramu 1 ya klorini kwa lita zinatosha kuanza kuuharibu. Mkaa ukichoka, hakuna dalili kwenye ladha, kwa sababu mkaa wa mwisho bado unaficha harufu. Badilisha hatua tatu za kwanza kila miezi 6 hadi 12, utando kila miaka miwili au mitatu, au pale kipimo kitakaposema.

Na kipimo ni hiki. TDS inayoingia toa inayotoka, gawanya kwa inayoingia. 400 ikitoka 28, utando unazuia asilimia 93. Ukishuka chini ya 85, utando nje. Mambo mawili yanadanganya hapa. Glasi ya kwanza ya asubuhi huwa na chumvi zaidi kwa kuwa mtambo ulilala; imwage, pima ya pili au ya tatu. Na kama umeuziwa hatua ya sita ya kurudisha madini, pima kabla yake, kwenye mrija unaotoka kwenye utando, maana madini yenyewe yanapandisha mita. Kipimo kikiwa kibovu tangu siku ya kwanza, usilaumu utando: ama oringi imepinda, ama mirija ya kuingilia na ya maji taka imebadilishana nafasi.

Maji taka yasipokoma hata tangi likijaa, tazama valvu ya kuzuia maji kurudi iliyo nyuma ya utando. Valvu ya kujifunga yenyewe hufunga presha ya tangi ikifikia kama theluthi mbili ya presha ya bomba, na valvu ya kurudi ikivuja haifiki hapo abadan.

Mara moja kwa mwaka safisha tangi: toa utando na vichujio vyote, tia kijiko kimoja cha chai cha jiki isiyo na manukato kwenye kasha la kichujio cha kwanza, acha maji yajaze tangi, subiri nusu saa, mwaga na usuuze mpaka harufu iishe. Ukisahau kuutoa utando, umenunua mwingine.

Mita, vikaratasi na lile onyesho la maji ya kahawia

Mita ya TDS haioni kromiamu. Hatua yake ndogo kabisa ni 1, yaani mikrogramu 1,000 kwa lita, mara mia ya kikomo cha California. Maji yenye TDS ya 50 yanaweza kuwa na kromiamu-6, na yenye 800 yakawa hayana. Ni kifaa cha kukagua afya ya utando na resini, basi.

Vikaratasi vya rangi vingi huanza kuona kwenye miligramu, si mikrogramu. Vinafaa kwenye maji machafu ya kiwanda cha ngozi au cha kupaka kromu. Kinachokaribia mahitaji ya nyumbani ni unga wa difenilikabazidi na kifaa cha kusoma rangi, mfano ule wa kampuni ya Hach: mililita 10 za maji, pakiti moja ya unga, dakika 5, rangi ya zambarau. Unasoma kuanzia mikrogramu 10 hadi 700, maana yake unafika mlangoni mwa kikomo cha California na kuishia hapo. Kwa shule au kijiji kilicho jirani na kiwanda cha ngozi au cha kutibu nguzo za umeme, kikipimwa kwa kiwango cha 50, ni kifaa kizuri.

Lile onyesho la kuzamisha vyuma viwili vya umeme kwenye glasi mbili, ya bomba ikageuka tope la kahawia na ya RO ikabaki safi, ni mazingaombwe. Kahawia ni chuma cha kile kifaa kikimeng'enyuka. Maji ya RO hayapitishi umeme vizuri, ndiyo maana hayabadiliki. Tia chumvi kidogo ya jikoni kwenye glasi ya RO uone muuzaji atakavyokunja mkoba.

Maabara

Kabla ya kulipa, uliza swali moja: kiwango cha chini mnachoripoti ni kipi? Jibu la "haikuonekana" kutoka kwenye mashine inayoanza kuona kwenye 50 halikuambii chochote. Marekani omba njia ya EPA 218.7 kwa kromiamu-6; inasoma hadi chini ya mikrogramu 0.1. Kwa anayepima Afrika Mashariki, iwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au maabara binafsi, mara nyingi ni rahisi zaidi kupata kipimo cha kromiamu yote kwa ICP-MS au AAS ya tanuru (mashine za maabara za kupima metali). Hicho kinatosha kuanzia: kromiamu yote ikiwa 3, kromiamu-6 haiwezi kuzidi 3, na umeokoa gharama ya kipimo cha pili.

Chupa za vipimo hivyo viwili hazibadilishani. Ya kromiamu yote ina asidi ya nitriki. Ya kromiamu-6 ina dawa ya kupandisha pH zaidi ya 8, kwa sababu kwenye asidi kromiamu-6 hugeuka kuwa 3 njiani na unapokea habari njema ya uongo. Usisuuze chupa, dawa itaondoka. Fungua koki dakika tano kabla ya kukinga, toa kile kichujio kidogo cha mdomoni mwa koki, weka chupa kwenye barafu, na usizidishe siku 14.

Baada ya kufunga RO, peleka chupa mbili za siku moja, ya kabla na ya baada ya mtambo. Rudia ile ya baada kila mwaka. Kichujio cha resini au mkaa kilichokwisha kitupe na takataka za kawaida. Lita 100 za maji ya mikrogramu 20 zimekiachia miligramu 2 tu za kromiamu. Usikichome moto.